Maji Yanajaa Saa Ngapi? Maswali na Majibu kwa Wanaokwenda Kisiwani

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu wanaofunga mabegi ya mgongoni kwenda kisiwani kutazama matumbawe kwa miwani na mrija. Wengi wameuliza habari za papa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza maji yanajaa saa ngapi, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Nilifika ufukweni mchana nikakuta maji yako magotini hadi mbali sana. Nitembee juu ya mwamba mpaka penye kina?

Usitembee. Hayo ni matumbawe, na matumbawe ni wanyama wadogo wanaojenga nyumba za chokaa. Yale manene ya mviringo hukua sentimita moja hivi kwa mwaka, mengine hata hayafiki. Tumbawe lenye upana wa meza huenda lilikuwapo kabla wewe hujazaliwa, na kisigino kimoja kinatosha kulijeruhi. Tena humo ndimo anamojificha samaki-jiwe, mwenye miiba ya sumu.

Kosa lako ni saa uliyokwenda. Tazama jedwali la saa za maji kujaa na kupwa kabla hujatoka. Mahali pengi bahari hujaa mara mbili kwa siku, na kutoka kupwa kabisa hadi kujaa huchukua saa sita na dakika chache. Gawa kimo ambacho maji hupanda katika mafungu 12. Saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Maana yake, nusu ya maji yote hupita katika saa mbili za katikati, na mkondo hukaza wakati huohuo. Ingia saa moja kabla maji hayajajaa kabisa, utoke mara yanapoanza kupwa. Utapata kina cha kuelea bila kugusa kitu, na maji safi kutoka bahari kuu.

Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, basi usitumie saa ya juzi. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, nayo mikondo huwa mikali. Anayejifunza asubiri maji mafu, siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo.

Kuna sehemu moja kwenye mwamba ambapo mawimbi hayapasuki, maji yametulia kabisa. Si ndiyo njia salama ya kuingilia?

Nimefurahi umeuliza kabla ya kuingia. Huo ni mlango wa mwamba. Mawimbi yanapopasuka juu ya mwamba humwaga maji ndani, na maji hayo lazima yatafute pa kutokea. Hutokea hapo penye kina, ndiyo maana wimbi halipasuki. Yanapokupwa, kila kilichomo ndani huvutwa kuelekea mlango huo, nawe ukiwemo. Ukitazama chini utaona majani ya bahari yamelala upande mmoja. Yamelala kuelekea unakopelekwa.

Kabla ya kuanza, elea dakika moja bila kupiga mguu, uone unasukumwa wapi. Anza safari kwa kupingana na mkondo, ili wakati umechoka ndio ukurudishe. Ukikamatwa, usishindane nao ana kwa ana. Ogelea ubavuni, ukiukata, huku ukielekea pale mawimbi madogo yanapokwenda ufukweni. Nguvu zikikuishia, lala chali na uinue mkono mmoja juu. Na usiingie peke yako. Nasema hivyo hata kwa mnaojiita waogeleaji hodari.

Miwani yangu mpya inaingia ukungu kila baada ya dakika mbili.

Swali hili linarudi kila mara, tafadhali likatwe na kuhifadhiwa. Kioo kipya hutoka kiwandani na utando mwembamba wa silikoni, na mate hayauondoi. Paka dawa nyeupe ya meno, isiyo ya jeli, upande wa ndani, sugua kwa kidole dakika mbili, suuza, rudia mara mbili au tatu. Kioo kiwe kioo kweli, plastiki itakwaruzika. Baada ya hapo, kila unapoingia tema mate, sugua, suuza kidogo. Na acha kupumulia puani.

Inavuja, nami nimekaza mkanda hadi kichwa kinauma.

Legeza. Ukikaza, ukingo wa silikoni hupinda na maji hupata upenyo. Wakati wa kununua, ibandike usoni bila mkanda, vuta pumzi kidogo kwa pua, achia mikono. Ikidondoka si ya uso wako. Toa nywele chini ya ukingo, na mwenye masharubu apunguze chini ya pua.

Mrija mrefu zaidi si utaniwezesha kuzama kidogo huku napumua?

Hapana, na usijaribu kuunga. Hewa uliyotoa hubaki ndani ya mrija na ukaivuta tena; zaidi ya sentimita 40 hivi unapumua uchafu wako mwenyewe. Pia ukishuka, uzito wa maji hukandamiza kifua kisiweze kupanuka. Kwa sababu ya hewa hiyohiyo iliyotumika, siwashauri wanaoanza wanunue miwani inayofunika uso mzima. Vali yake ikichoka hewa chafu huzunguka usoni, na ukipaliwa huwezi kuitema kama unavyotema mrija.

Wako pia wanaovuta pumzi nyingi za harakaharaka kabla ya kuzama ili wakae chini muda mrefu. Acheni. Pumzi hizo hazikuongezei oksijeni ya maana. Zinapunguza kaboni dioksaidi, ambayo ndiyo inayokuambia upande juu. Mtu huzimia ndani ya maji bila kuhisi hata hamu ya kupumua.

Nipake mafuta gani ya jua?

Vaa fulana ya mikono mirefu, kisha paka kidogo panapobaki wazi: shingo nyuma, masikio, nyuma ya magoti. Chagua yenye zinki oksaidi, na usome viambato, usiamini picha ya samaki kwenye chupa. Palau, nchi ya visiwa katika Pasifiki, ilipiga marufuku mafuta yenye oksibenzoni na oktinoksati, kemikali zinazohofiwa kudhuru matumbawe, mwaka 2020, na Hawaii ikazuia kuyauza kuanzia 2021.

Begi liwe na ukubwa gani?

Lita 40, kilo 10. Utashuka kwenye boti maji yakiwa mapajani na begi kichwani, basi kila kilo ya ziada utaijutia hapo. Miwani ikae kwenye kasha gumu, maana ikilaliwa ukingo wake hupinda. Simu na nyaraka ziwe kwenye mfuko usiopitisha maji: kamua hewa, kunja mdomo mara tatu kamili, ndipo ufunge. Ukikunja mara moja unapitisha.

Nimechomwa na mwiba wa samaki mguuni, nipake barafu?

Maji ya moto. Yasizidi nyuzi 45, tumbukiza kwa dakika 30 hadi 90, maana joto hutuliza maumivu ya sumu hiyo. Yapime kwa mguu usiochomwa, kwani ule uliochomwa hauhisi sawasawa na utababuka. Kisha nenda hospitali, hata maumivu yakipungua. Kipande cha mwiba hubaki ndani.

Kuna papa?

Huenda. Muulize nahodha boti hupita wapi, maana boti ni hatari kubwa kwako kuliko papa, na uvute boya la rangi kali nyuma yako.

Naweza kumgusa kasa?

Hapana. Kaa mita tatu au zaidi, ubavuni mwake. Usimkalie juu, kwa sababu huko ndiko anakopanda kuvuta pumzi.