Kodi ya kaboni inamwonea maskini?

Ndugu, umeuliza kama kodi hii, inayotozwa kwa hewa ya ukaa itokayo kwenye mafuta yanayochomwa, inambebesha mzigo mlalahoi. Inategemea pesa zikishakusanywa zinakwenda wapi. Tazama Kanada, maana huko wameijaribu kwelikweli.

Serikali kuu ya huko ilianza 2019 kwa dola 20 za Kanada kwa kila tani ya hewa ya ukaa, ikapanda hadi 80 mwaka 2024. Kwenye pampu, hiyo ilikuwa kama senti 17.6 kwa lita ya petroli. Lakini sehemu kubwa ya makusanyo ilirudishwa kwa wananchi. Familia ya watu wanne katika mkoa wa Alberta ilipata dola 450 kila miezi mitatu, iwe inaendesha gari kubwa au inapanda basi. Sasa piga hesabu: mwenye nyumba kubwa na magari matatu anachoma zaidi, analipa zaidi, ila anarudishiwa kiasi kilekile. Hapo asiye na gari ndiye anayenufaika.

Tatizo? Bei ya mafuta unaiona kila ukijaza tangi, ila marejesho yaliingia benki kimyakimya, tena mwanzoni kwa jina ambalo wengi hawakulielewa. Halafu 2023 serikali ikasamehe mafuta ya kupashia nyumba joto, yanayotumika sana mikoa ya Atlantiki, na wanaotumia gesi wakauliza, mbona sisi hatukusamehewa? Aprili 2025 kodi kwa watumiaji wa kawaida ikaondolewa. Viwanda vikubwa bado vinalipa.

Kwa hiyo ukisikia kodi ya namna hii popote, uliza kwanza habari ya marejesho. Bila hayo, ndiyo, anaumia mnyonge.