Spika ndogo kwa amplifaya ya valvu: achana na wati, tazama desibeli na omu

Mkuu mleta mada, umeuliza spika gani ndogo za bei nafuu zifungwe kwenye amplifaya ya zamani yenye EL84 (aina ya valvu, taa ya kioo inayokuza sauti) moja kila upande, na kama za gari au vile vispika vya sabufa vinafaa. Za gari zinafaa kwa masharti. Vya sabufa achana navyo, vimetengenezwa kutegemea wufa (spika kubwa ya besi).

EL84 ikiwa peke yake hutoa wati 4 hivi, basi. Zile wati 100 za mgongoni mwa spika ni kiasi inachovumilia kabla ya kuungua, hazikuongezei sauti. Tafuta desibeli, yaani ukubwa wa sauti ambayo spika hutoa kwa wati 1, umbali wa mita 1. Kila ukipungukiwa desibeli 3, unatakiwa uwe na wati mara mbili ili sauti iwe ileile. Spika ya desibeli 90 kwa wati 4 inafika 96. Ya 84 ingetaka wati 16 kufika hapo, na wewe huna. Lenga 89 kwenda juu. Na ukikuta spika ya gari imeandikwa 90 kwa volti 2.83, toa 3: volti hizo kwenye omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika) ni wati 1, lakini kwenye omu 4 ni wati 2.

Nyuma ya amplifaya kuna sehemu za kufungia spika za omu 4, 8, pengine na 16. Spika ya omu 4 iende kwenye 4. Kama kuna 8 tu, funga mbili za omu 4 kwa mfululizo kila upande. Maandishi ya spika yakiwa yamefutika, ipime kwa mita ya umeme: spika ya omu 8 husoma 6 mpaka 7, ya omu 4 husoma 3 na kitu.

Hapa naomba usome mara mbili: usiwashe amplifaya ya valvu bila spika. Muziki ukipita na hakuna mzigo, volti hupanda sana ndani ya transfoma ya spika na kutoboa insulesheni yake, na transfoma hiyo kuipata Tabora ni kazi. Solda rezista ya omu 470, wati 5, kwenye matokeo ya kila upande na uiache humo. Haili sauti ya kuonekana, na waya wa spika ukichomoka inapunguza hatari.

Kwa mtumba, pita kwa mafundi waliovunja TV za chogo na redio kubwa za zamani. Koni ya karatasi ya inchi 5 au 6 yenye ukingo wa kitambaa ndiyo bora. Ukingo wa sponji uguse kwa kidole: ukiacha ungaunga au kunata, umekwisha. Kisha sukuma koni taratibu kwa vidole viwili pande zote. Ukisikia mkwaruzo, koili imeegemea sumaku, iache hapohapo.

Boksi la spika ya inchi 5: plaiwudi ya milimita 18, ndani sentimita 18 kwa 22 kwa 25, karibu lita 10. Mninga ni mzuri kwa fremu ya mbele, ila boksi zima la mbao hupinda masika na kiangazi, na ufa mdogo unapiga mluzi. Jaza nusu kwa sufi ya mto, ndani ya mfuko wa kitambaa ili nyuzi zisiingie kwenye koili. Tundu la besi usitoboe. Valvu haziishiki koni kama transista, besi itavuma tu. Boksi la kununua lenye tundu, lizibe kwa soksi mbili zilizokunjwa.

Mwisho, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye miguu ya spika. Koni ikiruka nje, mguu uliopata chanya ndio chanya, weka alama. Ukikosea upande mmoja, besi hupotea na utadhani spika ni mbovu.