Mwangwi Chumbani, Honi Barabarani

SWALI: Narekodi vitabu vya kusikiliza katika bedsitter yangu, mtaa wa Pipeline, Nairobi. Maiki yangu ni ya kondensa, lakini nasikika kama niliye bafuni, na honi za matatu zinaingia. Nibandike trei za mayai ukutani, au ninunue maiki ghali zaidi?

JIBU: Yote mawili yaache. Trei ya mayai ni karatasi nyepesi, na sehemu kubwa ya sauti ya mtu huipita ikagonga ukuta wa mawe kama kawaida. Maiki ghali nayo itanasa mwangwi uleule, tena waziwazi zaidi. Pesa itangulie kwenye chumba.

Tafuta mablanketi mazito manne ya mitumba, soko la Gikomba hayakosekani. Funga kamba kwenye kona iliyo mbali na dirisha. Wengi hulitundika blanketi la kwanza mbele yao, na hapo ndipo kazi inapoharibika: maiki ya kadioidi, kama zilivyo nyingi za kondensa, husikia upande inakoelekea, yaani uso wako na ukuta ulio nyuma ya mgongo wako. Basi la kwanza liwe nyuma yako, sentimita 10 hivi kutoka ukutani, maana nafasi hiyo hulisaidia kumeza hata sauti nzito. Mawili yakae kushoto na kulia, la nne juu ya kichwa, kwa sababu dari ya zege hurudisha sauti vibaya sana. Chini tandika zulia. Piga kofi moja. Ukisikia mlio unaofuatia, ongeza nguo.

Honi ni jambo jingine. Blanketi hupunguza mwangwi wa ndani, halizuii kelele za nje. Hizo huzuiwa na ukuta mzito na mianya iliyozibwa. Ziba chini ya mlango kwa taulo, kisha rekodi kati ya saa nane na saa kumi usiku. Sogea pia hadi sentimita 15 au 20 kutoka kwenye maiki: ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako hupanda takriban desibeli 6 juu ya kelele. Iweke maiki pembeni kidogo ya mdomo, ili pumzi ya P na B ipite kando.

SWALI: Msambazaji amenirudishia faili akisema kelele za chinichini zimezidi. Nilikuwa nimeongeza sauti kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti.

JIBU: Kuongeza huko ndiko kulikoleta shida. Ukipandisha sauti kwa desibeli 12, kelele nazo hupanda 12. Zilizokuwa desibeli -62 huwa -50 (kikomo cha juu ni 0). Vipimo vya ACX, jukwaa la vitabu vya kusikiliza la Audible, ni shabaha nzuri: RMS, yaani wastani wa nguvu ya sauti, iwe kati ya -23 na -18, kilele kisizidi -3, kelele zisizidi -60.

Anza kwa kurekodi ukimya wa sekunde 30 na kupima. Kelele zikizidi -60, zima friji, chomoa chaja ya laptopu utumie betri (chaja huweza kuingiza mvumo wa umeme), weka simu katika hali ya ndege. Rekebisha geini, yaani kiwango cha kunasa sauti, hadi vilele vicheze kati ya -12 na -6 unaposoma kwa nguvu. Kichujio cha kelele kisipite desibeli 9. Kikizidi, maneno huanza kububujika. Hifadhi faili ya WAV kwanza, kisha toa MP3 ya kbps 192, kHz 44.1, mono.