Nani Kafiwa?

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, naenda kulala msitu wa Magamba, ninunue hema gani la nailoni?" Swali limenikuta kidonda hakijakauka.

Mwezi wa tano tulipanda msitu huo huo, kule Lushoto, watu sita. Wenzangu walikuja na hema zinazoingia kwenye begi la mgongoni. Mimi nikashusha garini turubai la pamba aliloacha babu, mkeka wa ukindu, blanketi la sufu la mtumba na kamba za katani. Rafiki yangu wa miaka mingi akaliangalia turubai, akauliza kwa sauti: "Nani kafiwa?" Mnajua wenyewe, turubai likifungwa uani watu huanza kuulizana. Walicheka wote. Nami nikacheka, ila iliniuma, na bado inaniuma.

Magamba ni juu kule, mita 2,000 na zaidi, ukungu unatembea chini kabisa. Usiku ule pumzi zao ziligeuka maji ndani ya nailoni, zikaanza kuwadondokea usoni. Kabla ya hapo cheche ya moto ilishatoboa hema la mmoja wao, tundu lenye kingo ngumu kama plastiki iliyoungua. Cheche nyingine ilitua kwenye blanketi langu. Nikaipangusa, likabaki doa dogo jeusi na harufu ya nywele zilizoungua.

Mvua ilipoanza, turubai likafanya kazi yake: nyuzi za pamba zikilowa huvimba na kuziba vitundu. Sharti usiliguse kwa ndani. Ukiligusa tu, linavuja palepale.

Sasa aibu yangu. Kamba ya katani ikilowa hujikaza, kwa hiyo jioni unailegeza kidogo. Mimi, mtoto wa Tanga, mkoa ambao Mjerumani Hindorf aliuletea mkonge mwaka 1893, nikasahau! Saa nane usiku kigingi kikang'oka, pembe ya turubai ikanipiga usoni pwaa. Nikatoka na tochi, tope hadi vifundoni, nasikia vicheko kutoka hema la jirani.

Basi mdogo wangu, legeza kamba. Turubai jipya lilowanishe na ulikaushe kabla ya safari, nyuzi zishikane. Ukirudi nyumbani lianike hata kama unaona limekauka, maana ukilikunja bichi litaota koga na kunuka mpaka ulitupe. Na kamba, nimesema, legeza. Pamba iwe ya turubai tu, usiivae kwenye mvua na baridi, inashika maji na kukupoza mwili. Kubeba? Langu lina kilo 14 likiwa kavu, nililipia bodaboda. Kama unapanda Kilimanjaro, achana nalo.

Lakini vijana tumezidi. Mama zetu wanasuka mikeka inayopitisha hewa, inayodumu miaka, sisi tunakimbilia godoro la kujaza upepo linalotobolewa na mwiba mmoja. Kitu kikiwa cha nyumbani tunakionea haya mpaka mgeni akisifie. Halafu tunajiita wapenda mazingira!

Usiku wa pili wawili walihamia kwangu na mito yao. Yule wa "nani kafiwa" naye alikuja, akalala pembeni kabisa, kimya. Wiki iliyopita kanitumia ujumbe, anauliza turubai kama lile linapatikana wapi. Bado sijamjibu.