Mababu wa Ayalandi: Tafuta Kitongoji Kwanza

Wasomaji wenye ndoa na ndugu ughaibuni wameniandikia tena kuhusu kutafuta mababu wa Kiayalandi, na kuhusu vyama vya historia na nasaba vya huko. Haya hapa maswali yao.

*Mume wangu ni Mmarekani, tunaishi Boston. Ukoo wao ulitoka Cork, hilo tu ndilo tunalolijua. Tununue kipimo cha vinasaba?*

Kipimo kingoje, dada. Cork ndiyo kaunti kubwa kuliko zote Ayalandi. Kwenda na jina la ukoo na neno "Cork" tu ni kama kumtafuta Juma aliyetoka Tanga. Mnachohitaji ni kitongoji. Kisiwa chote kina kaunti 32, ndani yake parokia, na chini kabisa vitongoji zaidi ya 60,000, vingine vya nyumba chache tu. Jina hilo mara nyingi mtalipata hapohapo mlipo: kwenye cheti cha ndoa cha kanisani, tangazo la msiba gazetini au jiwe la kaburi. Na nyinyi wa Boston mna bahati ya pekee. Gazeti la Kikatoliki la mji wenu, The Pilot, lilichapa matangazo ya kutafuta ndugu waliopotezana tangu 1831 hadi 1921, na mengi yanataja parokia na hata kitongoji alichotoka mtu. Mke anamtafuta mume, dada anamtafuta kaka. Someni kila tangazo lenye jina la ukoo wenu.

*Nimeambiwa kumbukumbu zote ziliungua mwaka 1922, nisijisumbue. (Toronto)*

Jisumbue. Ni kweli tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, hifadhi ya nyaraka iliyokuwa Four Courts, majengo ya mahakama kuu Dublin, iliteketea. Sensa za 1821 hadi 1851 zilikwenda karibu zote, pamoja na wosia na madaftari mengi ya Kanisa la Kianglikana. Lakini madaftari ya Wakatoliki yalikuwa parokiani, na Maktaba ya Taifa imeyaweka mtandaoni bure tangu 2015, mengi hadi kufikia mwaka 1880 hivi. Usajili wa vizazi, ndoa na vifo kwa watu wote ulianza 1864. Sensa za 1901 na 1911 zipo, nazo ni bure. Kwa miaka ya Njaa Kuu, ile ya miaka ya 1840 viazi vilipooza, na iliyofuata, kuna uthamini wa ardhi wa Griffith, 1847 hadi 1864, unaotaja kitongoji kwa kitongoji nani alikalia kiwanja na nani alimpangisha.

*Bibi ana miaka 58 kwenye sensa ya 1901, na ya 1911 ana 72. Ndiye huyohuyo?*

Huenda ndiye. Januari 1909 wazee wa miaka 70 walianza kulipwa pensheni, ndiyo maana umri wa wengi ulipanda ghafla kwenye sensa ya 1911, na waliozaliwa kabla ya 1864 wengi hawakuwa na cheti. Ili kuthibitisha umri, waliomba majina yao yatafutwe katika sensa za 1841 na 1851, ambazo wakati huo zilikuwa bado salama Dublin. Sensa zikaungua, fomu nyingi za maombi zikabaki, zina majina ya wazazi na mahali walipokaa. Mimi hakuna karatasi zinazonigusa kama hizo.

*Kama yote yapo mtandaoni, chama cha historia cha kijijini ni cha nini?*

Nenda rasi ya Beara, magharibi mwa Cork. Huko kina O'Sullivan ni wengi mno, na majina ya ubatizo ni yaleyale, maana desturi ilikuwa mtoto wa kwanza wa kiume apewe jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Sasa fungua daftari la parokia: tarehe, "Joannes", yaani John kwa Kilatini, baba Daniel, mama Mary, wasimamizi wawili. Shuka mistari michache, unakutana na John mwingine, wa Daniel na Mary wengine. Wenyeji walizitofautisha nyumba hizo kwa lakabu, kama tufanyavyo pwani, na karani wa sensa hakuandika lakabu. Mzee wa chama ndiye anayeijua. Wanachama ndio wanaonukuu mawe ya makaburini kabla mvua haijayafuta, ndio wanaochapa habari za shule iliyofungwa na familia iliyofukuzwa shambani. Chama cha Historia na Akiolojia cha Cork kipo tangu 1891, ila vipo pia vidogo vya parokia moja, na hivyo ndivyo nivipendavyo zaidi.

*Niwaandikieje?*

Familia moja, kitongoji kimoja, swali moja. Wanajitolea, usiwatwishe ukoo mzima. Vituo vya nasaba vya kaunti ni kitu kingine, hivyo vinatoza ada ya utafutaji. Kwenye chama, lipa uanachama, nunua jarida, na uwatumie ulichonacho: picha, barua, jina la meli. Wanawajua waliobaki, waliopanda meli wengi hawajulikani waliishia wapi.

Nawe wa Kenya uliyeuliza juu ya mmisionari wa Kiayalandi aliyezikwa parokiani kwenu: safisha jiwe kwa maji matupu, lipige picha asubuhi jua likiwa chini ili herufi zisomeke, uitume kwa chama cha kaunti yake.