Maswali ya Wasomaji: Tumbaku ya Virginia, Magari ya Maksai na Mitumbwi ya Mto Clearwater

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Hapa Urambo tunalima tumbaku ya mvuke, na sokoni inaitwa Virginia. Je, wakulima wa kwanza wa Virginia kule Marekani walikuwa na mabani, yaani mabanda ya kukaushia tumbaku kwa moto, kama yetu? Na tumbaku iliwatoa kimaisha? *Mkulima, Urambo, Tabora*

JIBU: Jina ni lilelile, lakini ukaushaji ulikuwa mwingine kabisa. Waingereza walifika Jamestown, huko Virginia, mwaka 1607. Majira ya baridi ya 1609 na 1610 njaa ilikaribia kuwamaliza. Tumbaku ya wenyeji waliyoikuta ilikuwa kali na chungu, haikupendwa Ulaya. Mnamo 1612 hivi, John Rolfe akajaribu mbegu tamu zaidi zilizotoka upande wa Karibiani, na shehena ndogo ya kwanza ikapelekwa London mwaka 1614.

Kazi ya kitalu utaitambua mara moja. Walirundika matawi makavu juu ya udongo, wakayachoma ili moto uue mbegu za magugu na majivu yabaki kuwa mbolea. Mbegu, ambazo ni ndogo kama vumbi, walizichanganya na majivu ndipo wakazimwaga, kwa kuwa zikimwagwa peke yake hurundikana mahali pamoja. Miche ilihamishiwa shambani mwezi Mei, mvua ikishanyesha, kwenye vilima vidogo vilivyopishana mita moja na zaidi. Kisha ikaja kazi isiyoisha: kupalilia, kukata kilele mmea ukishatoa majani ya kutosha, kung'oa maotea (machipukizi ya pembeni), na kutoa viwavi kimoja kimoja kwa mkono. Maotea yakiachwa yanakula nguvu ya jani, nalo linabaki jembamba lisilo na uzito.

Ninyi mnavuna jani kwa jani kuanzia chini. Wao walikata mmea mzima, wakauacha unyauke shambani, kisha wakautundika kwenye fito ndani ya banda lenye nyufa za kupitisha upepo. Ulikauka kwa hewa tu, wiki nne hadi sita. Kipimo kilikuwa mkononi: jani lililo tayari linanyooka kama ngozi laini bila kukatika na bila kutoa maji. Likiwa kavu mno linapondeka wakati wa kulifunga. Likiwa na unyevu mwingi linaoza ndani ya pipa, na pipa moja lilikuwa na kilo 450 hivi za tumbaku iliyoshindiliwa kwa nyenzo. Mkulima aliyeharakisha kufunga aligundua kosa lake meli ikishafika Uingereza.

Ukaushaji wa moto mnaoujua ninyi ulikuja baadaye sana. Mwaka 1839, huko Caswell, North Carolina, mtumwa aliyeitwa Stephen alikuwa akilinda moto wa bani la familia ya Slade. Alisinzia, moto ukafifia, naye alipozinduka akautia mkaa wenye joto kali. Joto lile la ghafla likayageuza majani kuwa ya njano inayong'aa, na sokoni yakapata bei kubwa. Baadaye mabomba ya bati yakaingizwa kupitisha joto ndani ya bani bila moshi kugusa jani. Hapo ndipo bani lako lilipoanzia, na ni haki jina la Stephen lijulikane Urambo.

Kuhusu faida: mwanzoni ilikuwepo, kisha bei ikaanguka kwa sababu kila mtu alilima. Wengine walifunga majani mabovu katikati ya pipa. Ndiyo maana sheria ya Virginia ya 1730 iliagiza kila pipa lifunguliwe kwenye ghala la umma, wakaguzi walitazame, na tumbaku mbovu ichomwe moto. Aliyepita ukaguzi alipewa stakabadhi ya uzito, na stakabadhi hiyo ilitumika kulipia kodi na madeni kama fedha.

Udongo nao ulichoka baada ya mavuno matatu au manne. Shamba liliachwa mwituni miaka ishirini hivi, na mkulima akafyeka jipya. Ukitaka kujua kwa nini Wazungu wa Virginia walisukuma kuelekea magharibi mapema hivyo, anza na shamba lililochoka. Na nguvu kazi? Kwanza vijana wa Kiingereza waliolipiwa nauli wakatumikia miaka minne hadi saba. Agosti 1619 waliletwa Waafrika ishirini na kitu kwenye pwani ya Point Comfort. Kufikia 1662 sheria ya koloni ilisema mtoto hufuata hali ya mama yake, hivyo mtoto wa mtumwa alizaliwa mtumwa. Tumbaku ile iliwatoa kimaisha wenye mashamba makubwa. Waliotoa viwavi majanini hawakupata chochote.

SWALI: Misafara ya zamani kutoka Tabora kwenda Ujiji ilibebwa na wapagazi. Kwa nini Wamarekani walioelekea Oregon, magharibi ya mbali ya Marekani, walitumia magari ya kukokotwa? Na yalibeba nini hasa? *Mwalimu wa sekondari, Tabora mjini*

JIBU: Mwalimu, jibu la kwanza ni mbung'o, inzi anayeambukiza mifugo ugonjwa wa kufisha. Pori la Unyamwezi liliua ng'ombe na punda, kwa hiyo mgongo wa mtu ndio uliofika. Mpagazi alibeba frasila mbili, kama kilo 32. Nyanda za Marekani hazina mbung'o na zina nyasi, na gari moja lilibeba karibu tani moja, yaani mzigo wa wapagazi thelathini na moja.

Njia ya Oregon ilianzia Independence, Missouri. Ilikuwa kama kilomita 3,200, nayo ilichukua miezi minne hadi sita kwa mwendo wa kilomita 24 kwa siku njema. Sanduku la gari lilikuwa na urefu wa mita 3 na upana wa mita 1.2, turubai lake limepakwa mafuta ya kitani lisivuje. Wengi walichagua maksai, jozi mbili au tatu, badala ya farasi: ni wa bei nafuu, wanaishi kwa nyasi za njiani, na hawaibiwi kirahisi. Kwa mtu mzima mmoja ilishauriwa unga kilo 70 hadi 90 na nyama ya nguruwe iliyokaushwa zaidi ya kilo 11, pamoja na kahawa, sukari na chumvi. Gari halikuwa na springi, na kila kilo ilikuwa mzigo kwa maksai, kwa hiyo watu walitembea kwa miguu.

Ugonjwa mkubwa wa gari ulikuwa gurudumu. Hewa kavu ya magharibi ilinyausha mbao, gurudumu likasinyaa, na mkanda wa chuma ulioizunguka mbao ukalegea hadi ukachomoka njiani. Dawa ya usiku mmoja ilikuwa kulivua gurudumu na kulilaza mtoni livimbe. Dawa ya siku kadhaa ilikuwa kupigilia kabari za mbao kati ya mkanda na gurudumu. Chini ya gari ilining'inia ndoo ya lami iliyochanganywa na mafuta ya wanyama kwa ajili ya ekseli. Kwenye mto wenye kina waliziba nyufa za sanduku kwa lami, wakavua magurudumu na kulielesha kama boti.

Kosa la kufisha lilikuwa kalenda. Ukiondoka kabla ya Aprili, nyasi hazijaota na maksai wanakufa njaa. Ukichelewa, theluji inakukuta milimani. Msafara wa Donner wa 1846, watu 87, ulifuata njia ya mkato isiyojulikana vizuri, ukapoteza wiki nyingi na kunaswa na theluji kwenye milima ya Sierra Nevada. Karibu nusu yao walikufa. Kwa ujumla, hata hivyo, kipindupindu kiliua wengi kuliko theluji, hasa miaka ya 1849 hadi 1852, kwa sababu misafara mingi ilipiga kambi na kunywa maji palepale.

SWALI: Je, ardhi ile ya magharibi ilikuwa tupu? *Mama msomaji, Ujiji*

JIBU: Hapana, mama. Mwaka 1803 Marekani iliilipa Ufaransa dola milioni 15 kwa eneo la Louisiana, lakini walioishi humo hawakuulizwa. Upande wa kusini-mashariki nako, baada ya sheria ya 1830 ya kuwahamisha wenyeji kwenda magharibi, watu kama 16,000 wa kabila la Wacherokee walifukuzwa makwao mwaka 1838 na 1839, na inakadiriwa 4,000 walikufa. Sheria ya 1862 ikagawa ekari 160 kwa aliyekaa na kulima miaka mitano. Wengi walishindwa, kwani upande wa magharibi mvua haifiki milimita 500 kwa mwaka, na ekari 160 hazitoshi kwa kilimo cha mvua huko.

SWALI: Sisi wachonga mitumbwi wa Kibirizi tumesikia Lewis na Clark, wale waliotumwa na serikali ya Marekani kuvuka bara hadi Bahari ya Pasifiki, walisafiri kwa mitumbwi. Walichonga vipi? *Fundi, Kigoma*

JIBU: Fundi, kwanza walishindwa. Lewis alibeba fremu ya chuma ya boti yenye urefu wa mita 11. Juni 1805, kwenye maporomoko ya Great Falls, waliifunika kwa ngozi 28 za elki, yule kulungu mkubwa wa huko, na 4 za baisoni, nyati wa Marekani. Hakukuwa na misonobari karibu ya kutoa utomvu wa kukalafati, yaani kuziba mishono, wakatumia mkaa uliosagwa, nta na mafuta ya baisoni. Sindano zao zilikuwa na makali, na ngozi ilipokauka matundu yakapanuka. Boti iliteremshwa majini tarehe 9 Julai, ikaelea vizuri, kisha dawa ile ya kuzibia ikabanduka na maji yakaingia. Ngozi zilizoachiwa manyoya mafupi zilishika dawa vizuri kuliko zilizonyolewa. Kwa haraka wakachonga mitumbwi miwili ya mti laini wa mto.

Walipovuka milima, watu wao walikuwa wagonjwa na dhaifu. Karibu na mto Clearwater, mzee wa kabila la Nez Perce waliyemwita Twisted Hair aliwaonyesha kutoboa misonobari kwa moto badala ya tezo peke yake. Unawasha moto mdogo juu ya gogo lililobapishwa, unaacha sehemu iungue, unakwangua mkaa, unarudia. Moto unafanya kazi wakati wewe umepumzika. Wenyeji wa Virginia walikuwa wakichonga hivyohivyo kabla ya Jamestown, wakikwangua kwa makombe. Hatari yake unaijua, fundi: moto ukienda kasi unakula ubavu, na mtumbwi unapasuka pale ulipobaki mwembamba.

Kazi ilianza mwisho wa Septemba. Tarehe 7 Oktoba mitumbwi mitano, minne mikubwa na mmoja mdogo, iliingia mtoni. Farasi wao 38 waliachwa kwa Wanez Perce, wakiwa wametiwa alama, hadi msafara uliporudi mwaka 1806.