Kalipa nyekundu, matairi kipara

Meseji za safari hii karibu zote ni za breki, nyingi kutoka kwa vijana wa hapa Dodoma wenye Subaru, Altezza na Runx. Nimefurahi, maana mlishazoea kuniuliza eksozi na nguvu za injini tu, kama vile gari likishakimbia litajisimamia lenyewe. Wanaouliza bei wakaulize dukani. Bei ninayoiandika leo, kesho mtanisuta nayo.

Mtaalamu, nina Impreza WRX ya 2003. Nataka kufunga kalipa za kampuni ya Brembo, zile za STI, Impreza yenye nguvu zaidi, ili gari lisimame haraka. Nianze na nini? (Area D)

Anza na matairi. Najua hukutaka kusikia hivyo.

Kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, inasimamisha gurudumu. Gari lenyewe linasimamishwa na kipande cha mpira kinachogusa lami, ambacho kwa kila tairi hakizidi sana kiganja chako. Ukikanyaga breki kwa nguvu zote na ABS, mfumo unaozuia gurudumu lisigande na kuteleza, ikaanza kukupiga mguuni, ujue breki ulizonazo tayari zimelishinda tairi. Hapo hata ukifunga kalipa za ndege hutasimama mapema zaidi. Chungulia ubavuni mwa tairi: kwenye mstari unaoanza na DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2315 ni wiki ya 23 ya 2015. Kwa jua hili letu, mpira wa umri huo umeshakuwa mkavu hata kama meno yake bado marefu. Wengi mnaoniandikia kuhusu Brembo mna matairi ya namna hiyo, tena mengine mmenunua ya mtumba na hamjui yalikotoka.

Faida ya breki kubwa iko kwenye joto. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto, na joto hilo linapanda kwa mraba wa spidi: kusimama kutoka 140 kunazalisha karibu mara mbili ya kusimama kutoka 100. Diski ya mbele ya STI yenye Brembo ina kipenyo cha milimita 326. Ni chuma kingi, kinabeba joto jingi kabla hakijachoka. Anayekanyaga breki mfululizo mashindanoni ataiona tofauti. Wewe unayetoka Area D kwenda Mtumba kazini utaiona kwenye mfuko tu.

Kama bado moyo umegoma, haya ndiyo wauzaji hawakwambii. Rimu za inchi 16 haziingii juu ya kalipa hizo, unahitaji 17, tena si kila 17, maana nyingine mikono yake inagusa kalipa. STI kuanzia toleo la 2005 zina mpangilio mwingine wa nati, 5x114.3, yaani nati tano kwenye duara la milimita 114.3, na hilo lako ni 5x100, kwa hiyo diski zake hazikai kwenye habu zako, pale gurudumu linapofungwa. Nyuma, breki ya mkono ni dramu ndogo iliyo ndani ya diski, na ya STI ni kubwa kuliko yako. Ukifunga diski hizo bila kubadilisha shuu, zile zinazobana dramu kwa ndani, na bamba lake, breki ya mkono imekufa. Na usifunge za mbele peke yake, wala za nyuma peke yake, kwa sababu hela imeishia hapo. Kiwanda kimegawa nguvu kati ya mbele na nyuma kwa hesabu. Ukizidisha nyuma, siku utakapokanyaga ghafla kwenye mvua, mkia utataka kukupita.

Kalipa nikizipaka rangi nyekundu zinapoa vizuri zaidi? (Chang'ombe)

Hapana.

Natumia Altezza RS200. Nikitoka Iringa kuja Dodoma, kwenye mteremko wa Nyang'oro pedali ilizama mpaka chini. Nilipumzika Mtera, ikarudi kuwa nzuri. Fundi anasema ni masta silinda. (Kisasa)

Mwambie fundi aweke spana chini kwanza. Masta silinda ni pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali. Ikichoka haijali mlima. Pedali inazama hata ukiwa kwenye taa za barabarani, polepole, huku umeikanyaga. Yako imezama breki zikiwa na moto na kurudi zilipopoa. Hayo ni mafuta ya breki yaliyochemka. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na mguu wako unabonyeza mvuke badala ya pistoni.

Mafuta ya breki yanafyonza unyevu wa hewani hata kama gari limeegeshwa. Nayo yana madaraja yanayoitwa DOT, siyo ile ya kwenye tairi. DOT 3 mapya lazima yavumilie walau nyuzi 205 kabla ya kuchemka, lakini yakishafyonza maji kiwango kinachokubalika ni 140 tu. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Sasa wewe una gari la farasi 210, lililotoka Japani na mafuta ambayo huenda hayajaguswa tangu bandarini, unashuka Nyang'oro mguu uko kwenye breki. Ulitegemea nini?

Mwaga yote, weka DOT 4 mapya kutoka kwenye chupa iliyofunguliwa mbele ya macho yako, toa upepo ulioingia kwenye mabomba ya breki ya magurudumu yote manne, na urudie kila baada ya miaka miwili. Hakuna uboreshaji wa breki wenye bei rahisi kuliko huo, na ndio msiotaka kuusikia kwa sababu hauonekani kwenye picha. DOT 5, ile isiyo na nukta moja, ni ya silikoni. Haichanganywi na hizi, na magari yetu haya hayaihitaji.

Kumbuka kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huo: pedali inabaki juu, ngumu, lakini gari halisimami na unasikia harufu ya kuungua. Hapo ni pedi zimezidiwa na joto, mafuta hayana kosa.

Halafu, ndugu yangu, shuka na gia. Gia uliyopandia mlima ndiyo utakayoshukia. Wenye otomatiki, hizo alama za 2 na L hazikuwekwa kama mapambo. Nyang'oro, Sekenke na Kitonga hazitofautishi Altezza na fuso, na mabaki ya magari pembeni mmeyaona wenyewe.

Diski zenye matundu au zenye mifereji, ipi bora? (wengi, kila mwezi)

Diski nzima isiyo na urembo, ya kampuni inayoeleweka. Matundu kwenye diski za bei ya chini ndipo nyufa zinapoanzia. Nimelijibu swali hili vya kutosha, mwezi ujao nitaliruka.

Habari ya kazi. Nina Swift Sport, nimefungiwa pedi za mashindano. Asubuhi hazishiki, halafu zinapiga kelele barabara nzima. Dada yangu anaona aibu kupanda. (Ipagala)

Dada yako ana haki. Pedi za mashindano zimetengenezwa kushika zikiwa na moto. Asubuhi ya Juni hapa Dodoma, ukitoka getini zikiwa baridi, mtoto wa shule akikatiza hazitakusikiliza. Tena zinakula diski. Zitoe, tafuta pedi nzuri za barabarani.

Mpya zikifungwa, usiondoke gereji na kwenda kusimama ghafla. Tafuta barabara isiyo na watu, punguza mwendo kutoka 60 hadi kama 10, mara kumi hivi, bila kusimama kabisa, kisha endesha taratibu zipoe. Hapo pedi inaacha utando sawa juu ya diski. Ukisimama na kushikilia breki zikiwa na moto, unaacha alama mahali pamoja, na mwezi ujao utaniandikia swali linalofuata hapa chini.

Usukani unatetemeka nikikanyaga breki kwenye 100. Fundi anasema diski zimepinda, nichonge? (Nkuhungu)

Mara nyingi haijapinda. Ama ina utando usio sawa kama nilivyosema, ama unene wake umetofautiana. Kabla ya kuchonga, pima. Pembeni au katikati ya diski kumeandikwa unene wa mwisho, ukiona MIN TH na namba, ndiyo hiyo. Ikikaribia hapo usiichonge, nunua mpya, na ununue mbili, kushoto na kulia. Safisha pia uso wa habu, kutu kidogo tu inaiegemeza diski upande.

Na muulize fundi wako wa tairi anakazaje nati. Yule anayekaza kwa mashine ya upepo mpaka ilie, halafu nati nyingine kwa kupanda juu ya spana, ndiye anayekuharibia diski. Toyota nyingi ndogo zinataka takribani 103 N·m, kwa spana ya kupimia, kwa kukaza nati zinazotazamana. Vijana wachache sana wa tairi wana spana hiyo. Nunua yako, ukae nayo kwenye buti.

Mafuta ya breki yamepungua nikiwa Kibaigwa, nikaongeza ya pawa stelingi. Kuna shida? (hakutaja mahali)

Ipo, kubwa. Usiendeshe. Mafuta ya jamii hiyo yanavimbisha mpira wa mfumo wa breki wote: masta silinda, kalipa, hozi, na kizibo cha chupa. Kumwaga tu hakutoshi, mpira wote ulioguswa ubadilishwe. Ni kwa sababu hiyohiyo pini za kalipa hazipakwi grisi ya beringi. Zina grisi yake ya silikoni, na kwa vumbi letu zinataka kufunguliwa na kusafishwa kila pedi zinapobadilishwa.

Tena mafuta ya breki hayapungui kwa kunywewa na injini. Ama pedi zimeisha, ama yanavuja. Ulipaswa kulitafuta tundu hapo Kibaigwa, siyo chupa.

Taa ya ABS iliwaka baada ya safari ya njia za vumbi kule Kondoa. Aliyeniuzia gari anasema wengi huichomoa balbu tu. (Majengo)

Basi huyo ndiye aina ya muuzaji wa kumkimbia. Sensa za ABS ziko kwenye habu, zinajaa tope na chembe za chuma, au waya unakatwa na jiwe. Mara nyingi kusafisha kunatosha. Wote mnaonunua gari mkononi: washa swichi bila kuwasha injini, taa ya ABS iwake kisha izime yenyewe. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameichezea.

Na kwenye changarawe ABS inaweza kukuongezea umbali wa kusimama. Inakuachia usukani, haikupi miujiza. Punguza mwendo.

Nimeboresha breki za Runx yangu zote, sasa inasimama balaa. Nini kinafuata? (Nzuguni)

Kioo cha nyuma. Barabara ya Morogoro unapita Gairo na malori yamekufuata, na lori lenye mzigo halikununua pedi ulizonunua wewe. Ukikanyaga kwa nguvu zote mbele ya tuta ambalo umeliona mapema, unampa dereva wa nyuma mtihani asioweza kuufaulu. Penye makazi ni 50, iwe una breki za aina gani.

Vitz yangu ina dramu nyuma. Niweke diski? (Kikuyu)

Acha. Kwenye gari dogo lenye injini mbele, karibu asilimia 70 ya kazi ya breki inafanywa na magurudumu ya mbele. Ukiweka diski nyuma utavuruga mgawanyo na utahangaika na breki ya mkono. Dramu zako zinataka kufunguliwa, kusafishwa na shuu kurekebishwa, utashangaa pedali inavyopanda. Zisafishwe kwa maji. Shuu za zamani, na nyingine zisizojulikana zilikotengenezwa, zinaweza kuwa na asibesto, kwa hiyo ukimwona fundi anapuliza dramu kwa kompresa, mzuie, na watoto wanaocheza hapo gereji waondoke kwanza.